Maisha ya Siti binti Saad, Sauti Iliyotangulia Redio

Kila mwaka ziko siku ambazo watu wa redio huzikumbuka. Tarehe 13 Februari ni Siku ya Redio Duniani, nayo iliwekwa kwa ukumbusho wa Redio ya Umoja wa Mataifa iliyoanza tarehe hiyo mwaka 1946. Mwezi wa Julai hukumbukwa kuanza kwa Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951. Tarehe 27 Juni hukumbukwa kuanza kwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London mwaka 1957. Wenzetu wa Unguja nao hukumbuka mwaka 1973, televisheni yao ilipoanza kuonyesha picha za rangi, hali watu wa Bara walingoja televisheni mpaka mwaka 1994.

Siku hizo zote ni za heshima. Lakini uko mwaka mmoja uliozitangulia, nao ni 1928. Mwaka huo, kabla ya Tanganyika wala Unguja kuwa na kituo cha redio, sauti ya mwanamke mmoja wa Kiafrika ilitiwa katika santuri kwa Kiswahili, ikasafiri mahali ambapo mwenyewe hakupata kufika. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad. Alikufa tarehe 8 Julai 1950. Sasa twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, kwa hiyo siku ya kufa kwake hufuata mara tu baada ya sikukuu ya lugha aliyoitumikia. Mwaka 2025 ilitimia miaka 75 tangu afariki, na mwaka 2028 santuri zake za kwanza zitatimiza miaka 100.

Iko sababu nyingine ya kumwandika katika gazeti la shule iliyo katika nchi yetu hii ya Handeni na Korogwe. Wengi hudhani kwamba Siti ni wa Unguja tu. Kweli, alizaliwa Unguja, akaishi Unguja, akazikwa huko. Lakini mama yake alikuwa Mzigua kwa asili. Basi tusomapo habari zake twasoma habari za ndugu yetu.

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, asili yake Tabora. Mama yake asili yake ilikuwa ya Wazigua wa upande wetu wa Tanga. Wazazi hao wawili wenyewe walizaliwa Unguja.

Msomaji aweza kuuliza, Mnyamwezi na Mzigua walikutanaje kisiwani? Jibu lake limo katika historia ya karne ya 19. Wakati ule Unguja ilikuwa soko kubwa la karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Njia kuu ya misafara ilitoka Tabora mpaka pwani ya Bagamoyo. Na Uzigua iko karibu sana na bandari za Pangani na Saadani, ambazo zimeelekeana na kisiwa. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwasukuma Wazigua wengi kwenda pwani, na wengi walivushwa bahari wakauzwa. Baadhi yao walipelekwa mpaka Somalia, na wajukuu wao hawakuisahau lugha. Karibuni tu, baada ya vita vya Somalia, wajukuu hao walirudi wakapewa makao Chogo katika wilaya ya Handeni, na mwaka 2014 wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo habari ya Wazigua kutawanyika si hadithi ya kale tu. Tumeona matokeo yake hapa hapa wilayani.

Mtoto yule wa Fumba hakuitwa Siti. Wazazi wake walimpa jina la Mtumwa. Jina hilo latufundisha zamani zile zilikuwaje. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufunguliwa kwa watu. Amri ya kukomesha utumwa wenyewe ilitolewa mwaka 1897. Wakati huo Mtumwa binti Saad alikuwa na umri wa miaka kama 17, ambao ndio umri wa wengi wetu wa Kidato cha Nne. Na tufikiri kidogo. Kijana wa umri wetu asikia kwamba utumwa umekwisha, naye jina lake, kila aitwapo mtoni, shambani au sokoni, ni lile lile.

Nyumba yao ilikuwa ya watu maskini. Walilima na kufinyanga. Ufinyanzi ni kazi ya akina mama, na watu wa wilaya zetu waifahamu vema: udongo kuchimbwa, kupondwa, kulowekwa, kusukwa kwa mkono, kuanikwa kivulini, halafu kuchomwa. Chungu kikipasuka motoni, kazi ya siku nyingi imepotea. Mama yake alifinyanga, na binti alipokua akawa mchuuzi. Alibeba vyungu kichwani akazunguka navyo vijijini mpaka mjini akivitembeza.

Mchuuzi asiye na duka hana budi kutangaza biashara yake kwa kinywa. Mtumwa binti Saad alipokuwa njiani alinadi vyungu vyake kwa kuimba, na sauti yake ilikuwa na nguvu ya ajabu. Watu walio mbali walimsikia kabla ya kumwona, wakajua kwamba mwuza vyungu aja. Hivyo ndivyo alivyoizoeza sauti yake. Hakuwa na mwalimu wala chombo cha muziki. Alikuwa na mzigo kichwani na njia ndefu, na haja ya kusikiwa na mtu aliye nyuma ya ukuta wa makuti.

Shule hakwenda. Siku zile watoto wa kike wa watu maskini hawakupata elimu ya shule. Hakujua kusoma wala kuandika. Jambo hili twaomba msomaji aliweke akilini, maana tutalirudia.

Mwaka 1911, akiwa mtu mzima wa miaka kama 30, aliondoka Fumba akaenda kukaa mjini. Alikaa Ng'ambo. Mji wa Unguja ulikuwa na sehemu mbili. Upande mmoja ulikuwa Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe ya Waarabu na Wahindi matajiri, na upande wa pili, ng'ambo ya hori, vilikuwa vibanda vya udongo na makuti vya watu wa kazi, na wengi wao walikuwa watumwa walioachwa huru na watoto wao. Ng'ambo palikusanyika Wanyamwezi, Wazigua, Wayao, Wamanyema, Wangazija na wengineo, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Hapo mjini alikutana na mtu aliyeitwa Ali Muhsin. Bwana huyu alikuwa mwanachama wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa mwaka 1905. Alimsikia, akaona kwamba sauti ile ni mali, akajitolea kumfundisha uimbaji. Kwanza ni lazima tueleze taarabu yenyewe ilikuwa nini. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alipenda sana muziki wa Misri, akampeleka mtu wake kwenda kujifunza huko. Tangu hapo taarabu ikawa starehe ya jumba la Sultani na ya mabwana wakubwa. Ilipigwa kwa udi, fidla, kanuni na ngoma ndogo, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu. Mtu wa Ng'ambo aliweza kuisikia kwa mbali tu, na hata akiisikia hakufahamu yasemwayo. Tena waimbaji na wapigaji walikuwa wanaume.

Siti alivunja mipaka hiyo miwili pamoja. Alikuwa mwanamke, na aliimba kwa Kiswahili. Kiarabu pia alijifunza kuimba, lakini sifa yake kuu ni kwamba aliichukua taarabu kutoka ukumbini kwa mabwana akaileta barazani kwa watu, katika lugha ambayo mchukuzi wa bandarini na mpishi na mwuza maji waliifahamu. Alipata wenzake wa kikundi, ambao majina yao yafaa kutajwa: Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Hawa walikuwa wanaume wenye ujuzi wa vyombo na wa mashairi, nao walikubali mwanamke awe mbele. Kwa siku zile jambo hilo halikuwa dogo.

Katika wakati huo ndipo jina la Mtumwa lilipoachwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Watu hubadili majina kwa sababu nyingi, lakini hapana badiliko kubwa kama hilo. Alilopewa kwa kuzaliwa lilimweka chini ya watu wote, na alilopewa kwa kazi yake lilimweka mahali ambapo hata mabwana walimwita kwa adabu. Akaalikwa arusini na katika majumba makubwa, hata katika jumba la Sultani. Na alipotoka huko alirudi Ng'ambo, akawaimbia jirani zake nyumbani kwake. Hakuwatupa watu wake.

Panapo sifa hapakosi husuda. Wako waliomtungia nyimbo za kumdhihaki. Walimsimanga kwamba hana sura, hana nasaba, na kwamba kama si sauti asingekuwa kitu. Ni kweli kwamba Siti hakusifiwa kwa uzuri wa uso. Angeweza kulia au kugombana, lakini yeye alijibu kwa wimbo. Katika jibu lake alieleza kwamba sura na ukoo si sharti la mtu kuwa mtu, na kwamba kinachotazamwa ni akili na tabia. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Watu waliusikia wimbo wa kumtukana, wakausikia na wa kujibu, na wa kujibu ndio uliobaki midomoni mwao.

Lakini kama Siti angeimba habari za mapenzi na za mahasidi tu, pengine asingekumbukwa hivi. Nyimbo zake zilikuwa pia habari. Siku zile magazeti yalikuwapo Unguja, lakini watu wengi wa Ng'ambo hawakujua kusoma. Jambo likitokea mahakamani, sokoni au bandarini, mtu asiyejua kusoma alilipata kwa kuambiwa, na kwa kuambiwa maneno hugeuka. Wimbo haugeuki upesi, kwa kuwa vina na mizani huyashika maneno mahali pake. Hivyo wimbo wa Siti ulifanya kazi ya taarifa ya habari.

Mfano wake mkubwa ni wimbo wa Kijiti. Kijiti lilikuwa jina la mtu. Mwanamke mgeni, mja mzito, aliyekuwa amekuja Unguja kutembea, alikwenda pamoja na wengine katika tafrija, na huko akauawa. Kijiti, aliyetuhumiwa kwa mauaji hayo, akatoroka akavuka kuja Bara. Kesi iliposikizwa, wanawake wawili waliokuwa pamoja na marehemu, ambao walikuja kutoa ushahidi, ndio waliotiwa hatiani wakafungwa. Watu wa Ng'ambo waliona uchungu sana. Siti aliiweka habari hiyo katika wimbo, akaeleza jambo lilivyokuwa na hukumu ilivyokatwa. Hakushika silaha wala hakuhutubia mkutano. Lakini kila aliyeuimba wimbo ule alikuwa auliza kama hii ndiyo haki. Karibu miaka 100 imepita, na majina ya wakubwa wengi wa siku zile yamesahauliwa, lakini wimbo wa Kijiti bado wajulikana.

Sasa tufike mwaka 1928. Kwanza tueleze santuri, kwa kuwa wengi wetu hatujapata kuiona. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza iliyoweza kushika sauti na kuirudisha. Miaka 10 baadaye Emile Berliner akatumia sahani bapa, na hiyo ndiyo iliyokuwa santuri. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Katika kutia sauti, mtikisiko huo hutikisa ncha kali ambayo huchora mfuo mwembamba juu ya sahani ya nta, mfuo uzungukao kutoka ukingoni mpaka katikati. Sahani hiyo hufanywa kuwa kalibu, na kwa kalibu hiyo zaweza kupigwa sahani maelfu. Msikilizaji huweka sahani juu ya gramafoni, huzungusha mkono wa chuma ili kukaza kamani, kisha huweka sindano juu ya mfuo. Sindano hutikisika kama ile ncha ilivyotikisika, na sauti hurudi. Santuri za siku zile zilizunguka kama mara 78 kwa dakika, zilichukua wimbo wa dakika tatu hivi kwa kila upande, na zikianguka zilivunjika kama kigae.

Tangu mwaka 1925 kampuni kubwa zilianza kutumia maikrofoni ya umeme badala ya pembe la bati, na sauti zikawa safi zaidi. Kampuni ya Gramophone, yenye nembo ya mbwa na maneno His Master's Voice, ilitafuta wanunuzi wapya. Wafanya biashara wa Afrika Mashariki walikuwa wakiuza santuri za Kiarabu na za Kihindi. Za Kiswahili hazikuwapo. Jina la Siti lilikuwa limekwisha kuenea, na kampuni ikamwita aende Bombay, mji wa Bara Hindi ambao leo waitwa Mumbai.

Basi mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walikuwa Bombay. Kutoka Unguja mpaka Bombay ni zaidi ya kilomita 4,000 za bahari. Mwanamke aliyezaliwa kijijini Fumba, aliyekuwa akitembea kwa miguu na vyungu kichwani, alivuka bahari kwa meli ili sauti yake itiwe katika santuri. Wimbo wa taarabu nyumbani waweza kuendelea kwa muda mrefu, wasikilizaji wakitaka beti zirudiwe. Mbele ya mashine, dakika tatu zikiisha, sahani imeisha. Iliwabidi kuyapima maneno na muziki kwa kipimo kigeni. Wakafaulu. Hivyo Siti akawa mwimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki aliyejulikana kote kwa santuri za Kiswahili.

Mwaka uo huo wa 1928 kampuni ya utangazaji ilianza kazi Nairobi, na hiyo ndiyo redio ya kwanza katika Afrika Mashariki. Lakini ilitangaza kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Basi tazama mambo haya mawili yaliyotukia mwaka mmoja. Redio ilikuja, lakini haikusema nasi. Santuri ya Siti ilisema nasi. Kwa muda wa miaka kadhaa Mwafrika aliyetaka kusikia lugha yake ikitoka katika mashine alisikia santuri, na sauti aliyoisikia mara nyingi ilikuwa ya binti Saad.

Santuri zile ziliuzwa kwa wingi kuliko kampuni ilivyotazamia, na baada ya hapo kampuni nyingine nazo zikaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Si kila mtu aliweza kununua gramafoni. Lakini mwenye mkahawa alinunua moja, na watu 30 wakasikiliza. Reli nayo ilikuwapo tayari kuichukua bidhaa yo yote kutoka pwani kuja bara. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na katika mashamba ya katani ya njia hiyo walikusanyika watu wa makabila mengi, ambao kama watu wa Ng'ambo walifahamiana kwa Kiswahili. Pwani yote, kutoka Lamu mpaka kusini, na bara pia, Siti alijulikana na watu ambao hawakuliona umbo lake kamwe. Na kwa kuwa hawakuliona, ile dhihaka ya sura haikuwa na maana tena. Walijua sauti tu.

Alipokuwa mzee, mtu mmoja alikwenda kumwona naye akaandika maisha yake. Huyu alikuwa Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkuu wa Kiswahili, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909. Alizungumza naye miezi michache kabla ya kufa kwake. Kitabu alichokiandika, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitolewa mwaka 1958, na wanafunzi wengi wa Tanzania wamekisoma tangu hapo. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na umri wake ulikuwa miaka kama 70.

Mwaka mmoja hivi baadaye, Julai 1951, Sauti ya Dar es Salaam ikaanza kusikika, na mwaka huo wa 1951 Sauti ya Unguja nayo ikafunguliwa. Laiti angaliishi kidogo tu! Lakini vituo hivyo havikuanza katika ukimya. Vilikuta watu waliokwisha kuzoea kukusanyika mbele ya mashine na kusikiliza Kiswahili, na vilikuta muziki wa Kiswahili ambao watu wanaupenda. Sauti ya Dar es Salaam ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Waimbaji wanawake waliofuata walipita njia aliyoikata Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ni mmoja wao. Na wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwaka 1988 waliliita Sauti ya Siti. Hawakumchagua mwandishi. Walimchagua mtu asiyejua kuandika, kwa sababu alitoa habari za wasio na mtu wa kuwasemea.

Sasa tujiulize, maisha haya yatufundisha nini sisi wanafunzi? Wako watakaosema kwamba Siti apewa sifa ili kuonyesha kuwa mtu aweza kufika mbali bila shule. Hilo si fundisho la kweli. Kwanza, Siti alijifunza. Kutoka siku alipofika mjini mwaka 1911 mpaka siku aliposimama Bombay mwaka 1928 ni miaka 17. Muda huo watosha mtu kusoma kutoka darasa la kwanza mpaka chuo kikuu akamaliza. Kipaji chake kilikuwa cha Mungu, lakini kazi ilikuwa yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pili, kutokujua kusoma kulimpunguzia kitu kikubwa. Mtu aliyeyajua mambo ya Unguja kwa miaka 70, kutoka siku za utumwa mpaka siku za vyama vya siasa, hakuweza kuyaandika kwa mkono wake. Kama Shaaban Robert asingefika katika miezi ile michache, mengi tuyajuayo leo yangezikwa pamoja naye. Habari za Siti ziliokolewa kwa bahati, na kwa mtu wa Tanga aliyeona kwamba mwimbaji wa Ng'ambo astahili kitabu.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa Handeni na Korogwe. Mmoja wa ukoo wa Uzigua alipelekwa ng'ambo ya bahari, na mjukuu wake akasikika dunia nzima. Je, wale waliobaki huku, hawakuwako wenye sauti? Walikuwako, na wako. Wako bibi na babu wajuao nyimbo za Kizigua, za Kibondei na za Kisambaa, za kulima, za kutwanga, za arusi na za kumbukumbu za njaa. Hapana kampuni itakayokuja kuwachukua kwenda Bombay. Lakini siku hizi simu ndogo ya mkononi yashika sauti vizuri kuliko mashine zote za mwaka 1928, na kila mmoja wetu ajua kuandika, jambo ambalo Siti hakulipata.

Kwa hiyo twatoa shauri moja. Imebaki miaka michache mwaka 2028 ufike. Kila mwanafunzi arudipo nyumbani likizo amwendee mzee mmoja, amwombe ruhusa kwa adabu, ashike wimbo mmoja, aandike maneno yake, jina la kijiji, na maana yake kama mzee mwenyewe aielezavyo. Walimu wa Kiswahili na wa Historia watusaidie kuyapanga, na wazazi wasituone wapuuzi tuwaulizapo mambo ya zamani. Santuri za Siti zitakapotimiza miaka 100, maktaba ya shule yetu iwe na kitabu cha nyimbo za nchi ya mama yake.